Nyie mnaoanza kuongoza vikundi vya rika vya sisi tulioumia uti wa mgongo, njooni hapa kidogo

Jumamosi nimemsindikiza mwezeshaji rika wetu mpya kumtembelea jamaa wa Mbagala, katoka wodini juzi tu, kaumia T12 (pingili ya mwisho ya mgongo usawa wa kifua), hata kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti bado anatetemeka. Kijana wangu kaongea dakika arobaini kuhusu yeye mwenyewe, ajali yake, anavyopanda mwendokasi bila msaada, mpaka gari anayotaka kununua. Mwenzie kazi yake kuitikia tu. Nilitaka kumkatiza nikakumbuka na mimi nilivyokuwa, nikameza. Sasa nasema.

1. Ongea na mwenyewe, sio mama yake. Ndugu watakujibia kila kitu, "anakula, analala, hana shida", waombe kwa adabu wawapishe kidogo.

2. Usijifanye shujaa. Hapa nina deni. Mwaka wangu wa pili kikundini nilikuwa na mdomo jamani! Kila kikao mimi sijawahi kupata kidonda cha mgandamizo, kile cha kukaa au kulala mkao mmoja muda mrefu, mimi naangalia ngozi na kioo asubuhi na jioni, mimi najinyanyua kila robo saa, anayepata kidonda ni mvivu tu. Watu wanacheka, mi naona ndio nafundisha. Kulikuwa na dada mmoja kapanga chumba mwenyewe, anauza vitenge, kila mgeni tunamtolea mfano wa yeye. Mto wa kiti chake ulishalika, ni kama anakalia ubao, wekundu ukaanza kwenye kalio na hakusema, atasemaje wakati mimi mwenyekiti nishatangaza ni uvivu? Akawa anakuja, anakaa masaa matatu anatabasamu. Siku moja nikasikia harufu, nikadhani choo cha ofisi ya mtaa, nikakitania choo mbele za watu na yeye yupo pale. Mungu anisamehe. Wiki mbili baadae homa, hospitali, kidonda kimefika mfupani. Miezi mitano kalala kifudifudi, chumba kikaenda, mtaji ukaenda, akarudishwa kwao. Nilipoenda kumuona akasema tu, "Kaka, ningekwambia ungenicheka." Na kweli ningecheka.

Ila kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nadanganya. Mwaka wangu wa kwanza nilipata kidonda kisiginoni, shangazi kanisafisha wiki sita na nikamwapisha asimwambie mtu. Siku hizi kikao nakifungua na hicho kisigino.

3. Mkopo wa asilimia 2 ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu chukueni, haki yenu, ila siku ya marejesho isiwe siku ya maongezi. Mwenye deni haji, na mara nyingi ndio huyo huyo mwenye shida.

4. Choo kikaguliwe na mtu aliye kwenye kiti, sio katibu anayetembea. Wetu alituambia "choo kipo" na kweli kilikuwepo, mlango kiti hakipiti hata ukikiomba, tukakatisha kikao saa tano watu wanakimbilia bajaji kila mtu na katheta yake (mrija wa kutolea mkojo) mfukoni. Na nauli za hizo bajaji mzijadili kabla, sio mlangoni.

5. Acheni "mbona mimi napika mwenyewe". Ed Roberts, mmoja wa walioanzisha kile kituo cha maisha ya kujitegemea cha watu wenye ulemavu Berkeley, Marekani, mwaka 1972, polio ilimpooza kuanzia shingoni kushuka, usiku alikuwa analala kwenye mashine ya kupumulia, kuvaa na kula ni wasaidizi, ila wa kuamua nani amsaidie na saa ngapi alikuwa yeye. Sasa wewe unamsimanga mtu kwa sababu ya ugali?

Yule dada amerudi mjini mwaka jana. Kapata chumba kingine, kamuajiri binti anakuja asubuhi kumsaidia kuoga na kuangalia ngozi, halafu anaenda kwenye vitenge vyake. Mmoja wetu akaanza kunong'ona eti siku hizi hajitegemei. Nilimjibu vibaya sana. Nimeshaomba radhi, ila nusu.