Huyo chura mweupe kwenye unyasi hajafa, mwache

Swali: Habari za kazi. Mi niko Hombolo, tuna zabibu na bustani ya mchicha karibu na bwawa. Mwezi wa nane nilikuwa nafyeka nyasi kavu nikakuta kichura kidogo kama kucha ya kidole gumba, cheupeee kama kimepakwa chokaa, kimekunja miguu kimeganda kwenye unyasi, jua la saa saba linakipiga na hakina habari. Nimekigusa hakijaruka. Mume wangu kasema kimefia hapo, mama mkwe kasema ni kitu cha kutumwa kichomwe moto. Nikakitupa mbali. Mpaka leo najiuliza.

Jibu: Dada pole, ila ulitupa chura mzima. Chura akifa kwenye jua la Dodoma mwezi wa nane, jioni unamkuta kama ganda la karanga. Huyo wako kwa ukubwa huo na hiyo staili ya kukaa ni chura wa matete, hawa hawa wadogo wanaolia bwawani mvua zikianza. Wataalamu wanawaita Hyperolius, wako Afrika tu, na aina zake zimeshapita 140.

Sasa sikia maajabu yake. Ngozi ya chura kwa kawaida inavuja, anakunywa maji kwa ngozi na anayapoteza kwa ngozi hiyo hiyo, ndo maana wengi kiangazi wanajichimbia chini. Huyu hachimbi. Watafiti waliowafuatilia ndugu zake kwenye nyika za Ivory Coast waliona wanakaa juu ya nyasi kavu, juani, joto linapita digrii 40, miezi inapita hawali hawanywi. Anakunja miguu anaibana chini ya tumbo ili sehemu laini zisipigwe na hewa, ngozi ya mgongoni inakauka maji hayatoki, afu anatulia tuli. Na ule weupe una kazi yake. Uchafu ambao ungetoka kwenye mkojo hautoi, maana kukojoa ni kupoteza maji, anaugeuza kuwa fuwele zinazong'aa anazipanga ndani ya ngozi, jua likija linarudishwa lilikotoka. Yaani kaezeka bati jipya mgongoni kwa mkojo wake mwenyewe! Mi nilivyolijua hili sikulala.

Jambo lingine, wale ndugu zake wa Ivory Coast wakubwa wao wengi wanakufa baada ya msimu wa kuzaana, wanaovuka kiangazi ni watoto. Ukichoma nyasi zote za kando ya bwawa unachoma vyura wa mwakani. Na ukimgusa akaruka anatumia maji ambayo hana pa kuyapata mpaka mvua ya mwezi wa kumi na mbili, kwa hiyo fyeka ukimzunguka. Mama mkwe mpe shikamoo yake, mwambie wa kutumwa angekaa kivulini.

(Kama angekuwa mkubwa wa kujaa kiganja ningesema ni chura wa povu, huyo naye anageuka mweupe juani, ndo anayeacha yale mapovu kwenye matawi juu ya maji. Yale ni mayai jamani, viluwiluwi vinadondoka vyenyewe majini.)

Swali: Huku Bahi kwenye majaruba ya mpunga hatulali. Vyura wanapiga kelele kuanzia saa moja jioni. Na mbona wengine wana rangi kali wengine kama majani makavu, ni aina mbili? Jirani anataka kumwaga dawa ya wadudu majini wafe wote.

Jibu: Mzuie huyo jirani leo hii, mengine baadaye. Chura ananyonya kila kitu kwa ngozi, kwa hiyo dawa itaua viluwiluwi kwanza, afu mvua ikija inashuka nayo kwa wenye mashamba ya chini wanaofulia na kunywesha mbuzi.

Wanaolia ni madume tu. Dume wa sentimita tatu anavimbisha koo likawa kama puto na anapiga filimbi saa nyingi, na inamchosha kweli kweli, wengine hawawezi kuja kila usiku. Anayehudhuria siku nyingi ndo anapata mke. Wazee wanasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, lakini jike wa chura ndo zinamleta kwenye maji.

Rangi zisikuchanganye. Kuna jamii ya hawa vyura ambao wakiwa wadogo wote wamepauka, jike akikomaa anabadilika anakuwa na mabaka au rangi kali, madume wengi wanabaki na rangi ya utotoni. Inawezekana unaona mke na mume. Na mapambo yanatofautiana mkoa kwa mkoa mpaka wataalamu wenyewe wanabishana ni aina ngapi. Usingizi nao utarudi mvua zikikata, kwa sasa pamba masikioni.

Swali: Mimi mwanafunzi, Kongwa. Nimesikia kuna chura hana sauti kabisa, ni kweli?

Jibu: Kweli, tena jirani zako. Ukipita Gairo kwenda Morogoro, milima ile ya mkono wa kulia ni Ukaguru. Mwaka 2019 watafiti walipanda kumtafuta chura mwingine anaitwa Churamiti maridadi (hilo ndo jina lake la kisayansi, Kiswahili kitupu, alipewa 2002), hawakumpata, wakakutana na chura wa matete asiyejulikana. 2023 akatangazwa: Hyperolius ukaguruensis. Madume hawalii, ila wana vijimiba kooni, inadhaniwa jike anawatambua kwa kugusa.

Shida ni kwamba huko ndo kwao pekee panapojulikana, na misitu ile inaliwa na mashamba na moto. Msituni usiende bila kibali. Ila vyura wa dimbwi la hapo Kongwa wapige picha na simu bila kuwashika, ututumie, andika ni wapi na mwezi gani.