Je, inajuzu kuuza lulu bandia kwa bei ya cheti?

Swali: Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa Mombasa. Mama aliweka kwangu fedha zake za Hija, nami bila kumwambia nikazinunulia, kwa muuzaji wa Indonesia, "lulu ya chaza mkubwa" yenye ukubwa wa yai, pamoja na cheti cha thamani ya dola 50,000. Sonara ameimulika akasema ni bandia, ganda la chaza lililochongwa. Je, naweza kuiuza na cheti chake bila kusema lolote, nirudishe fedha za mama?

Jibu: Swali lako limenihuzunisha, ndugu yangu, kwani aliyedhulumiwa kwanza ni wewe. Hata hivyo, haijuzu.

Wapo wanaosema bei ni maridhiano na mnunuzi ana macho yake, wakitoa hoja kwa aya ya Suratun-Nisaa inayoruhusu biashara ya kuridhiana. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu mtu huridhia anachokijua, na aliyeridhia lulu hakuridhia ganda. Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta umajimaji, mwenye mali alijitetea kwamba kimenyeshewa na mvua, yaani hakukilowesha yeye; pamoja na hayo aliulizwa kwa nini hakukiweka juu watu wakione, kisha akaambiwa kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Nawe hukulichonga ganda hilo, lakini sasa unajua kilichomo chini ya rundo. Lulu ya kweli hujengeka tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, ilhali hiyo yako, kwa mwanga wa taa, ina mistari iliyonyooka upande hadi upande kama ubao uliopigwa randa.

Ama cheti, hicho ni karatasi. Lulu iitwayo "ya Allah", iliyopatikana Palawan, Ufilipino, mwaka 1934, ina uzito wa kilo 6.4 na ni ya chaza kweli. Imeandikiwa thamani ya makumi ya mamilioni ya dola, na bado mwaka 1980 warithi wa mmiliki wake waliiuza kwa dola 200,000. Ikiwa ya kweli imetiwa chumvi kiasi hicho, ya kuchonga itakuwaje? (Jina hilo nalo lisimhadae Muislamu akadhani lina baraka.)

Mdai aliyekuuzia fedha zako, maana sharia inakupa khiyari, yaani haki, ya kurudisha chenye kasoro. Akikataa, liuze kwa jina lake, ganda lililochongwa, kwa bei ya pambo, na usilivushe mpaka bila kibali, kwani biashara ya kimataifa ya chaza hao imewekewa masharti.

Fedha za mama zilikuwa amana, na kwa kuzitumia bila idhini zimekuwa deni shingoni mwako. Mwambie leo, kabla hajaanza kuulizia safari, umwombe radhi, mpangiane malipo kidogo kidogo. Naye hana dhambi Hija ikichelewa kwa kukosa uwezo. Cheti kihifadhi kiwe ushahidi mpaka madai yaishe, kisha kichane, kisije kikamfikia mwingine.

Wallahu aalam.