Ngano yangu ilikuwa na siku 35, mbona masuke yalipinda?

SWALI: Mtaalamu, pokea salamu zangu. Ninalima ekari sita za ngano Mau Narok. Msimu uliopita nilipanda wiki moja na mjomba wangu wa Njoro, tukatumia mbegu ya aina moja, na kwa kuwa yeye hupiga dawa ya magugu ya 2,4-D siku ya 35 tangu kupanda, nami nikafanya vivyo hivyo. Ngano yake ilitoka vizuri. Kwangu masuke mengi yalitoka yamepinda, na ndevu zake zimenaswa ndani ya ala ya jani, isipokuwa katika ukanda mmoja ambao dawa haikufika. Mwaka huu afisa wa kilimo ameniandikia kwamba dawa hiyo isipigwe baada ya "hatua ya 31". Sielewi kama 31 ni siku, ni wiki au ni kitu gani. Naomba unifafanulie.

JIBU: Dada, pole kwa hasara hiyo, na ahsante kwa kuutaja ule ukanda ambao dawa haikufika, kwa sababu ndio unaotuonyesha chanzo. Baridi kali ya usiku nayo huharibu masuke huko juu, lakini jalidi hushambulia zaidi mabonde na sehemu za chini ambako hewa baridi hutuama. Haifuati mistari ya bomba la kupigia dawa. Ngano iliyokosa dawa ikinyooka huku ile iliyopigwa imepinda, kosa ni la wakati wa kupiga.

Tuanze na hiyo 31, maana si siku wala wiki. Ni namba ya hatua ya ukuaji katika kipimo kilichotolewa mwaka 1974 na watafiti watatu, Zadoks, Chang na Konzak, ambacho leo kinatumika karibu kila mahali ngano na shayiri zinapolimwa. Kipimo hicho kinayagawa maisha ya mmea kuanzia 00, punje kavu iliyo udongoni, hadi 99. Tarakimu ya kwanza inataja kipindi na ya pili inataja mmea umefika wapi ndani ya kipindi hicho. Kumi na kitu ni majani ya shina kuu: 13 maana yake majani matatu yamekunjuka. Ishirini na kitu ni machipukizi: 22 ni shina kuu na machipukizi mawili. Thelathini na kitu ni kurefuka kwa shina, kwa hiyo 31 ni wakati ambapo kifundo cha kwanza cha shina kinaweza kuonekana au kuguswa kwa vidole. Mmea mmoja waweza kuwa na namba mbili kwa wakati mmoja, kwa mfano 14 na 22, kwa sababu unaendelea kutoa majani huku ukichipua pembeni. Wengi hudhani hapo afisa amejichanganya, kumbe ameandika sawasawa.

Sasa nikueleze kwa nini siku 35 za mjomba wako hazikuwa siku 35 zako. Ngano haihesabu siku, inahesabu joto. Chukua wastani wa joto la kila siku, ujumlishe siku kwa siku: jumla hiyo ikifika karibu nyuzi 100, shina kuu hutoa jani moja jipya, ingawa aina za mbegu hutofautiana kidogo. Mau Narok iko juu ya Njoro kwa zaidi ya mita 600, na joto hupungua kwa takriban nyuzi sita kila unapopanda mita 1,000. Kwa ajili ya hesabu tu, tuseme wastani wa Njoro ni nyuzi 17 na wa kwako ni 13. Kufikia siku ya 35 ngano ya mjomba imekusanya nyuzi 595 na yako 455. Ondoa kama nyuzi 130 ambazo mbegu huzitumia hadi kuchomoza, na yeye atabakiwa na majani manne na nusu pamoja na machipukizi, wakati wewe una majani matatu, na chipukizi la kwanza ndiyo kwanza linachungulia.

Tofauti hiyo ya jani moja na nusu ndiyo iliyokuponza. Wakati ngano ina majani matatu au manne, ncha yake ya ukuaji ingali chini ya udongo, haionekani, lakini tayari inaanza kuacha kazi ya kuunda majani na kuanza kuunda suke. Dawa ya 2,4-D huiga homoni za mmea. Magugu yenye majani mapana huyumba na kufa kwa sababu yake, na ngano iliyokomaa kiasi huistahimili, lakini ikiifikia ncha hiyo inapounda suke, huvuruga mpangilio wa vishuke, yaani vifungu vidogo vya maua vinavyounda suke, na mkulima huyaona madhara miezi miwili baadaye, suke linapotoka limejikunja. Ukichelewa nako kuna hatari nyingine: ngano inapobeba mimba, yaani suke likiwa limevimba ndani ya ala kabla ya kutoka, dawa hiyo huweza kuifanya ishindwe kutunga punje. Mlango salama ni kuanzia mmea unapokuwa na majani matano na machipukizi ya kutosha, hadi kabla ya hatua ya 31. Kipimo cha dawa kifuate maelezo ya kibandiko, na usizidishe kwa kuwa magugu yamekomaa.

Utaijuaje 31? Hapa nakuomba uwe na subira, kwa sababu ndipo penye kazi yenyewe, na ni kazi ya wembe. Usipime kwa kusimama kando ya barabara, kwani pembezoni mwa shamba ngano hukua kwa namna yake. Ingia ndani, tembea mshazari, na mahali kumi tofauti ung'oe mmea mmoja mmoja pamoja na mizizi yake. Tenga machipukizi ubaki na shina kuu, ambalo kwa kawaida ndilo nene na refu kuliko yote. Lilaze juu ya ubao, ulipasue kwa urefu kuanzia chini. Ndani utaona kitu cheupe kidogo chenye mikato midogo midogo ubavuni: hilo ndilo suke lako, lote, na idadi ya vishuke vyake inakaribia kufungwa. Pima kutoka lilipoanzia shina hadi ncha ya suke. Ikifika sentimita moja, lakini pingili ya kwanza, yaani kipande cha shina kati ya kifundo na kifundo, haijafika sentimita moja, umefika hatua ya 30. Pingili ya kwanza ikifika sentimita moja au zaidi, hiyo ni 31. Ya pili ikizidi sentimita mbili, umefika 32. Shamba linahesabiwa kuwa limefika hatua fulani pale zaidi ya nusu ya mimea uliyopasua imefika. Nilipoanza kazi nilikuwa nikibinya shina kwa vidole tu nikijiamini, na nilimwandikia mkulima mmoja 30 wakati shamba lake lilikuwa limepita 31. Tangu siku hiyo siandiki namba nisiyoiona kwa macho.

Hatua ya 30 ina faida kubwa kuliko kukukataza dawa. Mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni inatakiwa iwe imefika mizizini kabla shina halijaanza kurefuka kwa kasi, kwa sababu kuanzia hapo hadi kuchanua ndipo mmea unapoamua ni machipukizi mangapi yataishi na ni maua mangapi yatakuwa punje. Baada ya kuchanua idadi ya punje haiongezeki tena. Kilichobaki ni uzito wake.

Baada ya hapo uangalie jani la mwisho, wengine huliita jani bendera. Linapochungulia limejiviringa ni 37, na ulimi wake, yaani kile kiwambo chembamba pale jani linapoachana na shina, unapoonekana ni 39. Usilibahatishe: pasua shina uhakikishe kwamba chini yake kuna suke wala si jani jingine lililofichwa. Jani hili na suke lenyewe hulisha sehemu kubwa ya punje, na kwetu Nakuru halina mzaha, kwa maana kutu ya shina ya kundi la Ug99, ugonjwa wa ukungu uliogunduliwa Uganda mwaka 1998, imeifanya Njoro kuwa mahali ambapo ngano kutoka nchi nyingi hupandwa ili kupimwa uwezo wake wa kustahimili. Kutu hiyo hukaza mwendo ngano inapokomaa, kwa hiyo kulikagua shamba kila wiki kuanzia 39 hadi punje zijae ni jambo la lazima, na dawa ya ukungu hukinga vizuri ikipigwa kabla kutu haijatapakaa.

Wasomaji wetu wa Kakamega na Trans Nzoia wanaolima mahindi watumie njia nyingine: wahesabu majani ambayo shingo yake, yaani pale jani linapoachana na shina, inaonekana. Hadi majani matano hivi ncha ya ukuaji ya mahindi ingali chini ya udongo, na ndiyo maana mvua ya mawe ikiyapiga mapema huweza kuchipua tena.

Kwa ekari zako sita, nunua daftari na kipimajoto kinachoonyesha joto la juu na la chini la siku. Jumlisha hayo mawili, gawanya kwa mbili, uandike kila jioni pamoja na mvua. Anza kung'oa mimea ya kupima jumla ya joto tangu kupanda inapokaribia nyuzi 550. Kwa mfano wetu wa nyuzi 13 hiyo ni siku ya 42 hivi. Ukikuta majani matano na machipukizi mawili au zaidi, piga dawa ya magugu. Kisha rudi na wembe kila baada ya siku nne, na ukiona suke limekaribia sentimita moja, weka mbolea mara udongo unapokuwa na unyevu. Kama bado una shaka, nyunyizia mizizi ya mimea mitano maji kidogo, uifunge kwa gazeti, umpelekee afisa wako siku hiyo hiyo, mkaipasue pamoja.