Kumfundisha mtoto habari za urithi: niliyojifunza baada ya kukosea mezani kwangu

Wiki iliyopita mama mmoja wa Sakina, Arusha, aliniandikia akiuliza aanzie wapi kumfundisha binti yake wa miaka minane habari za urithi na za jeni, yaani yale maelekezo ya mwili ambayo mtoto huyapokea kwa wazazi wake, kwa kuwa mtoto ameanza kuuliza kwa nini anafanana zaidi na shangazi yake kuliko mama yake. Mwishoni alisema ameona mchezo wa kukunja ulimi, ambao wanafamilia hutazamana kuona nani anaweza kuukunja ulimi wake kama mfereji na nani hawezi, naye angependa kuanza na huo. Nilimjibu usiku uleule nikamsihi asiuguse, na leo naeleza sababu, ingawa kuieleza bado kunaniuma.

Miaka mitano iliyopita mwanangu alikuwa darasa la nne. Mimi nilisoma baiolojia hadi kidato cha sita na sikupata nafasi ya kuendelea, kwa hiyo, kama wewe unayesoma hapa, nilitamani mtoto wangu afike mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) akiwa anaipenda sayansi tangu moyoni. Jioni moja, nyumbani kwetu Pasua, Moshi, nilichukua daftari nikamchorea somo kama nilivyofundishwa shuleni: kwamba kukunja ulimi kunatokana na jeni moja, kwamba jeni ya kukunja ina nguvu na ya kutokunja hujificha, na kwamba mtu asiyeweza kukunja ana nakala mbili za ile inayojificha, moja ya baba na moja ya mama, hivyo hana kingine cha kumrithisha mtoto. Kisha tukajaribu. Mimi sikuweza, na baba yake hakuweza. Mwanangu akatoa ulimi wake, ukajikunja vizuri kabisa. Akautazama mchoro, akatutazama sisi, akafunga daftari bila kusema neno. Nami, badala ya kukaa naye nikamweleza, niliondoka kwenda kuepua chai.

Hakuniuliza mimi. Alisubiri mpaka Desemba, tulipopanda Marangu kwa sikukuu, akamuuliza mama mkwe wangu: "Bibi, mimi ni mtoto wa nani?" Bibi alimwambia, "Wewe ni mjukuu wangu, nani amekuambia vingine?" Mtoto akaeleza yote, ulimi na mchoro, kwa ufasaha ambao siku nyingine ungenifurahisha. Wifi yangu alikuwa pale pale anamenya ndizi. Kufikia Mwaka Mpya habari ilikuwa imezunguka migomba yote ya ukoo, na katika kikao kilichoitwa kwa jambo jingine kabisa, mume wangu aliulizwa mbele ya wakubwa kama ana uhakika na nyumba yake. Mume wangu aliwajibu kwa sentensi moja kwamba ana uhakika, na tangu siku hiyo hajawahi kunihoji. Wifi yangu hajawahi kuniomba radhi hadi leo.

Somo lenyewe lilikuwa na kosa, na kosa hilo lilijulikana kabla sijazaliwa. Mwanasayansi wa Marekani aitwaye Alfred Sturtevant ndiye aliyeandika mwaka 1940 kwamba kukunja ulimi kunarithiwa kwa njia hiyo rahisi. Mwaka 1952 mtafiti mwingine aliwapima mapacha wa yai moja, ambao wana jeni zilezile, na kati ya jozi 33 akakuta jozi 7 ambazo pacha mmoja anakunja na mwenzake hawezi. Kama jeni moja ingekuwa ndiyo mwamuzi, jambo hilo lisingetokea. Mwaka 1965 Sturtevant mwenyewe aliandika kwamba anaona aibu kuona habari hiyo bado inafundishwa kana kwamba imethibitishwa. Ndewe za masikio, zile tunazoambiwa kwamba ama zinaning'inia ama zimeshikana na shavu, nazo zina kasoro hiyohiyo: ukiwatazama watu wengi utaona kila hatua iliyopo katikati.

Nilipoyajua hayo nilimketisha mwanangu nikamsomea yote. Aliniuliza, "Kwa hiyo, mama, kitabu kilikosea?" Nikamwambia kitabu kilikosea, na mimi nilikosea zaidi kwa sababu nilimwona amenyamaza nikaenda jikoni.

Tulianza upya, safari hii kwa kuku. Nilinunua Kiborloni jogoo kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, aliyekuwa na kishungi kidogo cha manyoya mbele ya shingo karibu na kifua. Kishungi hicho huonyesha kwamba kuku amepata jeni ya kishingo kutoka kwa mzazi mmoja tu. Aliyeipata kwa wote wawili huwa na shingo tupu zaidi. Tetea wetu walikuwa wa kawaida. Tulitarajia nusu ya vifaranga wawe vishingo, na kwa kuwa kifaranga kishingo hutambulika siku ileile anapototolewa, mtoto hasubiri miezi kupata jibu. Mtamio wa kwanza ulitoa vifaranga tisa, watano vishingo na wanne wa kawaida. Mwanangu aliruka kwa furaha. Mtamio wa pili ulitoa tisa tena, lakini vishingo walikuwa wawili tu, akasema kanuni imevunjika. Hapo ndipo nilipomsimulia habari za Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, ambaye katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1866 alihesabu mbegu 7,324 za njegere, akapata 5,474 za mviringo na 1,850 zenye makunyanzi, yaani karibu tatu kwa moja, kwa kuwa kwake kila mzazi alibeba jeni zote mbili, si mmoja tu kama kwetu. Asingehesabu nyingi hivyo asingeiona kanuni, kwa maana idadi ndogo hudanganya. Mwanangu akahesabu kuku wetu kwa mwaka mzima, na daftari lake ninalo kabatini.

Kuku walitufungulia njia ya kuzungumzia watu. Jirani yetu ana watoto wawili wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na mwanangu aliuliza kwa nini wamekuwa wawili ikiwa tunaambiwa ni mmoja kati ya wanne pale wazazi wote wawili wanapobeba jeni yake. Nilitoa sarafu mbili za shilingi mia mbili, moja ya baba na nyingine ya mama, tukakubaliana kwamba upande wenye picha ya Karume ndio jeni ya selimundu. Ukizirusha pamoja, picha mbili ni mtoto mgonjwa, picha moja ni mbebaji asiyeumwa. Alirusha mara nyingi, na mara mbili mfululizo picha zikatoka zote. Akaelewa mwenyewe kwamba sarafu hazikumbuki mrusho uliopita, na kwamba kila mimba ni mrusho mpya. Nilimweleza pia kwamba mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba anayebeba nakala moja tu ya jeni hiyo ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu imedumu kwenye maeneo yenye mbu wengi. Mtoto anayejua kwamba mbu wa kwenye mashamba ya mpunga huku chini ni wengi kuliko wa Marangu kwenye baridi hahitaji maelezo marefu.

Ndugu zangu wazazi, mtoto akizaliwa na selimundu au na ualbino, bado wako wanaomnyooshea mama kidole, wakati kila mzazi ametoa nakala yake na hakuna aliyeichagua. Basi mfundisheni mtoto hilo angali mdogo, na mfundisheni kwa kuku, kwa njegere, kwa mahindi ya rangi, kabla hamjamwambia ajitazame usoni. Nyumba nyingine zina mtoto wa kulea ambaye hajaambiwa; darasani yupo ambaye hamjui baba yake. Mwalimu anayewaambia watoto thelathini waende nyumbani wakalinganishe ndimi hajui anaagiza nini. Thibitisheni mnachofundisha, hata kama mlikipatia alama ya juu shuleni. Na mtoto akinyamaza katikati ya somo, acheni chai iungue.

Mama wa Sakina amenijibu kwamba nyumbani kwake wana tetea watatu lakini hawana jogoo kishingo. Nimemwambia nitampelekea mmoja Jumamosi. Hapa kwetu tetea mwekundu ameanza kuatamia mayai kumi na mawili tangu Jumatatu, na binti yangu mdogo, ambaye sasa anafundishwa na kaka yake wa kidato cha pili, ameandika kwa chaki mlangoni pa banda: vishingo sita.