Nimerudia jaribio, jibu halikutoka: kosa ni langu au la makala?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Mwanza, nasoma shahada ya uzamili. Nimerudia jaribio la makala moja inayosema dondoo la majani ya mti fulani linapunguza seli za saratani ya matiti aina ya MDA-MB-435 kwa asilimia 40, thamani ya p ikiwa 0.03, na n (idadi ya vipimo) = 3. Mimi kwa n ileile nimepata asilimia 23, p 0.21. Nimehangaika nalo miezi minne. Msimamizi wangu anasema mikono yangu haijakomaa, mwenzangu anasema makala ni ya uongo. Nasikia pia kwamba tafiti nyingi za tiba zikirudiwa hazitoi majibu yaleyale. Mkosaji ni nani, na je, tuendelee kuyaamini machapisho haya?

Jibu: Marahaba, na pole sana kwa miezi minne hiyo. Kabla hatujamtafuta mkosaji, kuna jambo ambalo wewe, msimamizi wako na mwenzako mmelipita nyote: majibu hayo mawili hayapingani.

Chukua kalamu tukokotoe pamoja. Tukumbushane kwanza: p ni nafasi ya kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kwa bahati tupu, dawa ikiwa haifanyi kitu, na kosa sanifu ni kiasi ambacho jibu huyumba kwa bahati. Punguzo la asilimia 40 lenye p ya 0.03 lina kosa sanifu la pointi 18 hivi. Punguzo lako la asilimia 23 lenye p ya 0.21 lina kosa sanifu la pointi 18 vilevile. (Haya ni makadirio. Kwa sampuli ndogo hesabu kamili hubadilika kidogo, lakini picha inabaki hiyohiyo.) Tofauti yenu ni pointi 17, na kosa sanifu la tofauti hiyo ni pointi 26. Mizani inayoyumba kilo 26 haiwezi kukuambia kwamba gunia limepungua kilo 17.

Tumelelewa vibaya juu ya 0.05, ule mpaka ambao p ikiwa chini yake jibu huhesabiwa kuwa na maana. Tunaiona kama mlango: aliyevuka ana ukweli mkononi, aliyebaki nje hana kitu. Hata kama makala ingekuwa sahihi kabisa, dondoo likawa kweli linapunguza seli kwa asilimia 40 kamili, jaribio lako la ukubwa uleule lingekuwa na nafasi ya asilimia 58 tu ya kuvuka mlango huo. Hiyo inakaribia kurusha shilingi. Msimamizi wako amekulaumu kwa sababu shilingi imeangukia upande wa pili.

Sasa tuseme ukweli ni punguzo la asilimia 20, na maabara kumi zinalijaribu dondoo hilo kwa vifaa vya kiwango chenu. Kwa kosa sanifu la pointi 18, maabara haiwezi kuvuka 0.05 mpaka ipate punguzo la zaidi ya asilimia 35. Waliopata 10, 15 na 25 wanafunga madaftari yao. Mmoja aliyebahatika kupata 40 anaandika makala, na hajadanganya hata neno moja. Lakini sampuli ndogo na majarida yanayopenda habari njema vimehakikisha kwamba namba itakayokufikia wewe Mwanza ni kubwa kuliko ukweli. Ndiyo maana mradi mkubwa wa kurudia majaribio ya saratani, ulioongozwa na shirika la Marekani la Center for Open Science na kumalizika mwaka 2021, ulikuta kwamba kwa kawaida athari iliyopatikana mara ya pili ilikuwa ndogo kwa asilimia 85 kuliko iliyochapishwa mwanzo. Mradi huo ulipanga kurudia majaribio 193 ukamaliza 50 tu, kwa kuwa makala nyingi hazikueleza kazi kwa undani wa kutosha, na baadhi ya waandishi hawakutoa msaada walipoombwa.

Turudi kwenye meza yako. Hiyo n = 3 ni tatu ya nini? Kama ni visima vitatu (vishimo vya kuoteshea seli) vya pleti moja, vilivyojazwa asubuhi moja kutoka chupa moja ya seli, basi hapo kuna jaribio moja lililosomwa mara tatu. Visima hivyo vinashiriki pipeti, joto la inkubeta na uchovu wa mkono wako siku hiyo. Vitafanana tu, na kufanana huko kutashusha p bila kukuongezea ujuzi wowote. Marudio ya kweli ni siku tatu tofauti, seli zilizoyeyushwa upya kutoka kwenye nitrojeni, dondoo lililotengenezwa upya. Angalia pia dawa mnaiweka wapi. Visima vya pembeni mwa pleti hukauka haraka kuliko vya katikati, kwa hiyo ukiweka dawa pembeni na kiyeyushi kitupu katikati, utapata punguzo la seli hata kwa maji.

Jingine ni seli zenyewe, na hapa nilisita nilipoliona jina. MDA-MB-435 zilichukuliwa miaka ya 1970 kutoka kwa mwanamke wa Marekani aliyekuwa na saratani ya matiti, na kwa miaka mingi zilitumika duniani kote kwa jina hilo. Mwaka 2000 watafiti waliopima shughuli za jeni zake waliona zinafanana na melanoma, saratani ya ngozi. Vipimo vya DNA vilivyofuata vilionyesha ni sawa na seli nyingine inayoitwa M14, ambayo ni melanoma. Leo zimo kwenye orodha ya kimataifa ya seli zenye majina yasiyo yake. Kwa hiyo hata jaribio lako likitoka vizuri kila siku, sentensi ya "inapunguza saratani ya matiti" haitasimama.

Balaa hili si jipya. Mwaka 1966 mtaalamu wa jeni Stanley Gartler alionyesha kwamba aina 18 za seli zilizodhaniwa ni za watu mbalimbali zilikuwa zote na umbo lilelile la kimeng'enya cha G6PD, hichohicho kinachopaswa kupimwa kabla ya kumpa mgonjwa wa malaria primaquine ya siku nyingi. Umbo hilo hupatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, wakati baadhi ya seli hizo zilisemekana zimetoka kwa wazungu. Zote zilikuwa zimevamiwa na HeLa, seli za Henrietta Lacks, mama Mmarekani Mweusi ambaye uvimbe wake ulichukuliwa Baltimore mwaka 1951 bila yeye kuombwa ruhusa. HeLa hukua kwa kasi kiasi kwamba tone moja kwenye pipeti chafu linatosha kuifuta seli ya jirani. Dawa yake ni kipimo cha utambulisho wa DNA kabla ya kuanza kazi na kabla ya kuchapisha, pamoja na kipimo cha mikoplazma, bakteria wadogo sana wanaochafua seli bila kuonekana. Ni gharama, najua, lakini umeshalipa miezi minne.

Kuhusu machapisho kwa jumla, mwaka 2005 mtafiti John Ioannidis alieleza kwa nini matokeo mengi yanayochapishwa huenda si ya kweli, na hoja yake unaweza kuihakiki kwa vidole. Chukua mawazo 1,000 ya utafiti, 100 tu kati yake yakiwa ya kweli. Tafiti zikiwa ndogo, zenye uwezo wa kugundua ukweli mara 20 katika 100, utapata majibu 20 mazuri ya kweli. Katika yale 900 ya uongo, kiwango cha 0.05 kitapitisha 45. Jumla ni habari njema 65, na 45 kati yake si kweli. Ongeza sampuli hadi uwezo ufike asilimia 80: kweli 80, uongo 45. Hakuna aliyekuwa mwaminifu zaidi, ila sampuli imekua. Wenye viwanda vya dawa walishayaonja haya. Bayer waliripoti mwaka 2011 kwamba katika miradi 67 waliyoichunguza, ni kama robo tu ambayo matokeo ya kwao yalilingana na yaliyochapishwa. Mwaka uliofuata ikatoka ripoti ya Amgen: makala 53 zilizohesabika kuwa nguzo za utafiti wa saratani, zilizothibitika 6.

Halafu kuna jambo linalonigusa mwenyewe. Nikiwa kijana katika kazi hii ya takwimu, daktari mmoja aliniletea faili la Excel lenye wagonjwa 60 na vipimo 30, akaniambia, "Nitafutie p." Nilimtafutia. Kwa vipimo 30 visivyo na uhusiano wowote na dawa, nafasi ya angalau kimoja kuvuka 0.05 kwa bahati tupu ni asilimia 78 hivi, na kweli kimoja kilivuka. Kilichapishwa, vingine 29 havikutajwa. Yeye hakudhani anadanganya, wala mimi sikudhani hivyo, lakini wasomaji walidanganyika, na jina langu limo kwenye shukrani. Tangu hapo sishiki faili ambalo kipimo chake kikuu hakikuandikwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kupokelewa. Faida ya kuandika mapema imeonekana Marekani. Watafiti walipochunguza majaribio makubwa ya magonjwa ya moyo yaliyofadhiliwa na taasisi yao ya taifa ya moyo, waliona kwamba kabla ya mwaka 2000, 17 kati ya 30 yalionyesha faida. Baada ya mwaka huo, kusajili kipimo kikuu mapema kulipokuwa desturi, yalikuwa 2 kati ya 25.

Uongo wa makusudi upo, lakini mwenzako asiuanze nao. Anza na mstari uliohama kwenye jedwali. Wanatakwimu Keith Baggerly na Kevin Coombes wa Houston walipofuatilia utafiti mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Duke, uliodai kutabiri dawa ya saratani inayomfaa kila mgonjwa, waligundua kwamba majina ya jeni yalikuwa yamesogea mstari mmoja. Hata hivyo wagonjwa walipangiwa dawa kwa hesabu hiyo. Mengine mazito yalijitokeza baadaye na makala zikaondolewa, lakini uzi wa kwanza kuvutwa ulikuwa ni mstari mmoja wa jedwali.

Usidhani pia kwamba hili ni tatizo la watu wa mbali. Mwaka 1990 Rais Moi wa Kenya aliitangazia dunia Kemron, interferon (protini ya kinga ya mwili) ya dozi ndogo ya kumumunya mdomoni, kazi ya KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, kuwa tiba ya UKIMWI. Ripoti za mwanzo zilisema wagonjwa wamepata hamu ya kula, wameongezeka uzito, na hata baadhi yao hawasomeki tena kuwa na virusi. Kilichokosekana ni kikundi cha ulinganisho. Mgonjwa huenda hospitali siku zake mbaya, na baada ya siku mbaya mara nyingi huja afadhali kidogo, dawa ipo au haipo. Mpe na matumaini, mpime uzito kila wiki, utaona nafuu. Uganda walipoijaribu kwa wagonjwa zaidi ya 500, nusu dawa na nusu dawa bandia, mgonjwa na daktari wote hawajui nani kapata nini, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 hayakuonyesha faida yoyote. Miaka minane imepita hapo katikati. Wengi wetu tulizika ndugu katika miaka hiyo.

Na hapahapa kwetu ndiko ilikotoka kazi ninayowaonyesha wanafunzi wangu kila mwaka. Jaribio la FEAST liliwachukua watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mshtuko, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo Kilifi na Teule ya Muheza. Vitabu vilisema mtoto wa namna hiyo apewe maji mengi ya mshipani haraka. Baada ya saa 48, waliopewa maji hayo walikuwa wamefariki asilimia 10.5 hivi, na wasiopewa asilimia 7.3. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Watoto wachache katika wodi moja wasingeweza kuionyesha tofauti ya pointi tatu. Kwa hiyo swali lako kama tuendelee kuyaamini machapisho nalijibu hivi: angalia idadi, angalia kama kulikuwa na ulinganisho, angalia kama kipimo kikuu kiliandikwa mapema, na angalia kama kuna mwingine amelirudia. Jina la jarida liweke mwisho.

Kuhusu kazi yako, badilisha seli, tafuta za saratani ya matiti zenye cheti cha DNA. Waandikie waandishi kwa adabu, uwaombe data ghafi na namna walivyotengeneza dondoo, kwa sababu majani ya masika na ya kiangazi si dawa moja. Ukitaka kuliona punguzo la asilimia 20 kwa uhakika wa asilimia 80, unahitaji marudio mara sita na nusu ya uliyofanya, yaani siku 20 badala ya 3. Ukishindwa kuzipata, punguza madai na siyo siku. Na ile 23 yako usiitupe. Iandike kwenye tasnifu pamoja na kosa lake sanifu, kwani mtu atakayekuja kuunganisha majibu ya maabara zote ataihitaji sawa na ile 40.

Siku ya kwanza ya awamu mpya, mwombe mwenzako huyo anayesema makala ni ya uongo aandike A na B kwenye mirija ya dondoo na ya kiyeyushi, bila wewe kuona. Karatasi inayoonyesha A ni nini na B ni nini aitie kwenye bahasha, na msimamizi wako aifungie kabatini mwake. Ifunguliwe mkiwa watatu, siku ya 20, ukishamaliza kuhesabu.