Kura tisa, na nne zilizoandikwa "Mwalimu" tu

Kila uchaguzi unapokaribia napata wageni. Ni walimu wa miaka mitatu minne kazini, wengine ndio kwanza wamethibitishwa, na hawasemi kilichowaleta mpaka chai iishe. Kisha mmoja anashusha sauti: "Kaka, nafikiria kuchukua fomu." Namuuliza fomu ya nini, ya udiwani? Anatabasamu tu. Udiwani haumtoshi, anautaka ubunge.

Nimeona niyaandike niliyokuwa nawaambia, maana nimechoka kurudia na sukari inaisha.

Nilitia nia ya ubunge mwaka 2020 katika jimbo moja la vijijini hapa mkoani Dodoma. Nilikuwa mwaka wa tisa kazini, shule ya msingi, nafundisha Uraia na Maadili na Hisabati. Kura za maoni za chama changu zilipigwa kwenye ukumbi wa bati, upepo wa Julai unaingiza vumbi mpaka mezani. Watia nia tulikuwa 27. Karatasi zilifunguliwa moja moja mbele ya macho yetu, jina linasomwa kwa sauti, na kijana mmoja anachora vijiti ubaoni, vitano vitano, kama tunavyowafundisha darasa la pili.

Ilipofika karatasi ya sitini na kitu, msomaji akanyamaza. Akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele, akamwonyesha msimamizi. Imeandikwa "Mwalimu". Hakuna jina, hakuna ukoo. Kati yetu 27, walimu tulikuwa watano. Ikawekwa kando na zilizoharibika. Baadaye zikatokea nyingine tatu za namna hiyo hiyo. Nikajiambia zote nne ni zangu, nami nina hakika wenzangu wanne nao walikuwa wanajiambia hivyo, kila mtu kwenye kiti chake.

Nilimaliza na kura 9. Hata ungeniongezea hizo nne nisingevuka popote, aliyeongoza alikuwa na zaidi ya 200. Ila ile karatasi sijaisahau. Miaka tisa nimeishi na watu wale, nimewaandikia barua za mikopo ya vikundi, nimewasomea majibu ya hospitali, watoto wao nimewafundisha mpaka kujumlisha sehemu. Nikipita njiani ni "Mbukwenyi, mwalimu!", salamu ya Kigogo, kila mlango. Heshima hiyo ni ya kweli, lakini ni ya kazi. Anayekuja baada yangu ataikuta imemsubiri, naye ataitwa Mwalimu. Mimi niliihesabu kama kura.

Hapo ndipo wengi wenu mnapokosea, na ndipo nitakapokaa sana.

Katiba yetu, ibara ya 67, haimruhusu mtu kugombea ubunge bila kuwa mwanachama wa chama cha siasa na kupendekezwa na chama hicho. Mgombea binafsi hakuna. Kwa hiyo kabla wananchi hawajakuona kwenye karatasi ya kura, kuna watu wachache watakaoamua kama utaonekana. Hao ndio wajumbe. Mwaka 2020 nchi nzima ilikuwa na msemo mmoja, "wajumbe si watu", kwa sababu watia nia walikuwa wakiahidiwa na wajumbe mia, wanapata kura tatu, wengine sifuri kabisa. Nami niliusema kwa hasira wiki nzima. Siku hizi siusemi. Mjumbe ni mtu aliyekaa kwenye vikao vya tawi na kata miaka mingi, bila posho, anachangia mia tano ya chai, anagombana na katibu, anapatana naye. Mimi nilikuwa na kadi ya chama tangu chuo, imekaa kwenye bahasha moja na vyeti vyangu. Tawi langu lilikuwa mita 400 kutoka shuleni. Nilihudhuria kikao cha kwanza mwezi Februari 2020. Mzee mmoja, balozi wa nyumba kumi wa siku nyingi, aliniambia mbele ya watu, kwa upole kabisa: "Karibu mwalimu, tulidhani wewe ni wa serikali."

Alikuwa na maana kwamba sikuwa wa kwao. Julai ilipofika nikamtembelea nyumbani nikitaka kura yake. Akanipokea vizuri, tukala ugali wa uwele na mlenda, akaniombea dua njema. Hakunipigia. Kwa nini anipigie?

Mara nyingi mgeni wangu hapo anamtaja Mwalimu Nyerere, kwamba naye alitoka darasani. Ni kweli, aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955. Lakini angalia mpangilio wa miaka: alichaguliwa kuongoza TAA, chama kilichotangulia TANU, mwaka 1953, TANU yenyewe ikaanzishwa Julai 1954, ndipo mwaka uliofuata akaweka chaki chini. Hakuacha kazi ili aende akatafute watu, alikuwa nao tayari. (Na hakuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu.) Au angalia hapa hapa kwetu, jimbo la Mtera, mwaka 2010: John Malecela, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, alishindwa kwenye kura za maoni na Livingstone Lusinde. Jina kubwa kiasi kile halikutosha, sembuse langu la ubaoni.

Kwa hiyo kama ni kijana na unaitaka kazi hii kwelikweli, anza na shina, ngazi ya chini kabisa ya chama. Kakae kwenye kikao cha Jumamosi jioni kinachoanza saa kumi kwa kutangazwa na saa kumi na mbili kwa kweli. Omba kazi isiyopendwa, ukatibu wa kuandika mihtasari kwa mfano, kwa sababu mwalimu unaandika vizuri na wenzako hawapendi. Kabla hujaukubali wadhifa wowote, uliza masharti ya ajira yako yanakuruhusu kushika uongozi upi wa chama. Mwalimu si mwanajeshi wala hakimu, Katiba haimnyimi kadi, lakini kadi na cheo ni vitu viwili. Na shuleni usiingize chama hata kidogo. Mimi kwenye kikao cha wazazi nilichomekea sentensi moja tu, "mkinipa nafasi kubwa zaidi nitawasaidia zaidi", nikidhani nimesema kwa mafumbo. Baada ya siku nne nikawa naandika barua ya kujieleza.

Sasa makaratasi. Barua yako ya kuomba ruhusa inakwenda kwa Mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa Mwalimu Mkuu, Afisa Elimu Kata na Afisa Elimu wa wilaya. Kila mmoja ana droo yake, na barua inaweza kulala humo. Ipeleke kwa mkono, hatua kwa hatua, na ikifika masjala wakugongee muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Yangu ilikaa kwa mtu mmoja siku kumi na moja, ningekuwa sina nakala yenye muhuri ningehesabika mtoro. Tume ya Utumishi wa Walimu ndiyo mamlaka ya nidhamu yetu, na utoro kazini ni moja ya mashtaka wanayoyajua sana. Kisha usiridhike na "wenzako huwa wanafanya hivi". Nenda kwa Afisa Utumishi, omba nakala ya waraka unaotumika mwaka huo kuhusu watumishi wanaogombea nafasi za siasa, na uusome sambamba na ibara ya 72 ya Katiba, inayohusu ukomo wa utumishi kwa wanaogombea. Soma mwenyewe, kwa kalamu ya kupigia mstari: likizo bila malipo inaanzia hatua gani, ajira inakoma lini, na ukishindwa unarudi kwa utaratibu upi. Hizi si habari za kusikia kwa mwenzako kwenye daladala.

Mwaka 2020 lilikuwepo na jingine. Msimamizi wa uchaguzi jimboni kwa kawaida alikuwa mkurugenzi wa halmashauri, yaani anayeidhinisha ruhusa yako ndiye ambaye ungempelekea fomu kama ungepita kwenye chama. Silalamiki, nakuonyesha tu jinsi meza ilivyopangwa.

Na angalia kalenda. Mwaka ule shule zilifungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya korona, zikafunguliwa 29 Juni. Mimi niliomba kuondoka katikati ya Julai, wiki ya tatu tangu tufungue, darasa la saba likiwa na mtihani mbele yake. Mama mmoja wa mwanafunzi wangu alinisimamisha kisimani: "Mwalimu, miezi mitatu ulikuwa nyumbani mshahara unaingia. Leo watoto wamerudi, wewe unaondoka?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Mama huyo hakuwa mjumbe, ila mdogo wake alikuwa.

Fedha sitaizungumzia sana kwa sababu kila mtu ana mfuko wake. Fomu yenyewe mwaka ule ilikuwa shilingi 100,000. Mwaka 2025 CCM ilitoza 500,000 kwa ubunge. Hiyo ndiyo sehemu ndogo. Jimbo la vijijini Dodoma ni korongo na mchanga, bodaboda ya siku nzima, mafuta, chakula cha anayekuendesha, vocha. Kosa langu kubwa lilikuwa la benki. Nilichukua mkopo wa miaka sita, dhamana ni mshahara, nikijua "nikipita nitalipa mara moja". Sasa chukua hati yako ya mshahara uiweke mezani. PSSSF ya pensheni, bima, kodi, chama cha walimu (CWT) asilimia 2, na kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi, asilimia 15 nyingine. Kinachobaki ndicho benki inakiangalia. Ukienda likizo bila malipo makato yanasimama kwa sababu hakuna pa kukata, lakini deni halisimami. Mimi nilimaliza kulipia zile siku kumi na nane za siasa mwaka huu.

Halafu kuna simu. Utaanza kupigiwa usiku. "Mwalimu, tupo wajumbe kumi na wawili hapa, tunakuunga mkono, sasa vijana wanaulizia nauli." Zamani hongo hiyo ilikuwa na jina la adabu, takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006, na tangu 2010 tuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi. TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanaijua michezo hiyo kuliko wewe. Lakini hata ukiweka sheria pembeni, fanya hesabu ya darasani: wajumbe wale wale kumi na wawili wamewapigia watia nia wangapi usiku ule? Mwenzangu mmoja alituma. Alipata kura 6. Mfanyabiashara akikamatwa anapoteza kesi. Wewe unapoteza kesi, unafungua na faili la nidhamu kazini.

Ukipita kwenye chama, ndipo fomu ya Tume ya Uchaguzi, 8B, inapoanza. Wadhamini wasiopungua 25, wote wapigakura walioandikishwa katika jimbo hilo, na tamko mbele ya hakimu. Mimi sikufika huko, lakini nilimsaidia mgombea wa udiwani kujaza yake na nilijifunza kwamba jina ni kila kitu. Ninyi mnakumbuka uhakiki wa vyeti wa 2017, watumishi walivyohangaika na herufi moja iliyozidi kwenye cheti cha kidato cha nne. Fanya uhakiki huo mwenyewe mapema: kadi ya mpigakura, kitambulisho cha taifa, kadi ya chama. Yangu ilikuwa na majina mawili kwenye moja na matatu kwenye nyingine. Mwaka 2020 neno "kuenguliwa", yaani mgombea kuondolewa kwa kasoro za fomu, lilisikika kila kona ya nchi. Chukua wadhamini 30 au 35, uwahakiki kwenye daftari mmoja mmoja, na usisubiri siku ya mwisho alasiri.

Kurudi shuleni hakuna anayekufundisha. Nilirudi Jumatatu, gwaride limeshasimama. Walimu wenzangu wakaniamkia "shikamoo mheshimiwa" kwa wiki mbili, nikacheka nao, maana ukikasirika wanaongeza. Darasani nilikuta mada ya uchaguzi ndiyo inayofuata kwenye andalio langu. Binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, kura ikiharibika, aliyepiga anaambiwa?" Nikamwambia haambiwi. Akaandika.

Sasa mimi ni katibu wa kamati ndogo ya mazingira kwenye tawi letu, na kabla ya kuipokea nilimuuliza Afisa Utumishi, jibu ninalo kwa maandishi. Tumepanda miti 60, mbuzi wamekula 41, mihtasari yote ninayo. Yule mzee balozi ananiita kwa jina la baba yangu, kwa sababu aligundua walisoma pamoja.

Ukija, njoo na hati ya mshahara na kadi ya chama, tuviweke mezani pamoja. Sukari ulete wewe.