Elektrodi kubanduka unga mweusi: punguza gundi ya PVDF au hamia ya PVA

Mdogo wangu, umesema elektrodi zako, yaani vile vibamba vya kaboni unavyopitishia umeme vinase chumvi kwenye maji ya kisima huko Kigamboni, zinabanduka unga mweusi, ukaongeza PVDF, ile gundi ya plastiki inayoshikisha kaboni, mpaka 20% ya mchanganyiko na sasa chumvi haishuki. Pole sana, ila shida ni hiyo gundi, PVDF haipendi maji na ukiizidisha inaziba vitundu vya kaboni, wengi wanaishia kwenye 10% hivi. Halafu kwa unyevu wa Dar lile rojo la kaboni na gundi linavuta maji ya hewani linaganda vibaya kabla halijakauka. Na NMP, ile kemikali ya maji ya kuyeyushia PVDF, ni hatari hasa kwa mjamzito, usichanganyie chumbani tafadhali.

Mi ningejaribu gundi nyingine, PVA, inayeyuka kwenye maji ya moto tu, nyuzi 90 hivi, unakoroga taratibu isifanye mabonge, lakini usiiache hivyohivyo maana itavimba na kulegea tena ukipitisha maji, lazima uikazie na glutaraldehaidi kidogo, kemikali inayofunga gundi isiyeyuke tena, nayo inawasha macho kwa hiyo vaa miwani na glavu. Ikikauka pitisha kidole, kikitoka cheusi bado haijashika. Volti usivuke 1.2, juu ya hapo maji yenyewe yanaanza kuvunjika na kaboni inaliwa.